Nasaba haisimami kwa jina peke yake

Sisi watu wa pwani tumezoea kuulizana, "Wewe mtoto wa nani?" kabla hatujaulizana kazi. Anayeulizwa humtaja baba, akamtaja babu, na akiwa hodari hupanda mpaka babu wa saba. Lakini liko swali la pili ambalo wachache hulipenda: nani aliyekwambia, naye alijuaje? Swali hilo nilikwenda nalo Kitengela na Kajiado, na huko nikakumbushwa habari ya ukoo mmoja wa walowezi wa kale wa Marekani inayofaa kuzungumzwa katika ukurasa huu.

Msomaji atasema, walowezi wa Marekani na Kitengela wapi na wapi? Naam. Mnamo Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi mmoja tu uliotangulia, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, wakapanda gari la moshi hadi stesheni ya Kapiti. Jina hilo limetokana na Wamaasai wa Kaputiei, ambao Kitengela ni katika nchi yao. Katika nyanda zile ndipo alipoanza kuwinda, akikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Leo ukishuka Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, utakuta maduka, maghorofa na nyua za mawe mahali ambapo nyumbu walikuwa wakipita makundi kwa makundi.

Basi huyu Roosevelt ni mtu wa wapi? Mkubwa wa ukoo wake huko Marekani ni Claes Martenszen van Rosenvelt, Mholanzi aliyehamia New Amsterdam, mji ambao sasa ni New York, katikati ya karne ya 17. Litazame jina lake lilivyokaa. Martenszen ni mwana wa Marten, na Rosenvelt ni shamba la mawaridi. Sisi tungemwita Claes bin Marten wa Shamba la Mawaridi, na lisingetupa ugeni wowote.

Mwanawe Nicholas alibatizwa mwaka 1658 katika kanisa la Kiholanzi la mji ule, na jambo hilo limeandikwa katika daftari la kanisa. Nicholas akamzaa Johannes, Johannes akamzaa Jacobus, Jacobus akamzaa James, James akamzaa Cornelius, Cornelius akamzaa Theodore, na huyo ndiye baba wa rais tumsemaye. Ni vizazi vinane, ukimhesabu Claes na rais mwenyewe. Johannes naye alikuwa na ndugu aitwaye Jacobus, na katika tawi la huyo akatoka Franklin Roosevelt, aliyeshika urais mwaka 1933. Kwa hiyo marais hao wawili wanakutana kwa Nicholas. Hayo hayakutoka katika masimulizi ya barazani tu. Katika kazi ya namna hii hutafutwa daftari la ubatizo, hati ya ndoa, wasia na karatasi ya shamba, na kila mwana hufungwa kwa baba yake kwa ushahidi wake mbali.

Sasa panda juu ya Claes, na hapo kamba inakatika. Katika kisiwa cha Tholen, huko Uholanzi, walikuwako watu wa heshima wenye jina linalofanana na lake, na wengi wakatamani kumpachika kwao. Lakini waraka wa kumuunganisha nao haukupatikana. Jina kufanana ni dalili ya kukuonyesha pa kutafuta, si ushahidi. Wakina Hamisi wangapi wako Mombasa, na hawana udugu?

Tamaa ya kuwa na babu mkubwa imewaponza wengi. Huko huko New York aliishi mtu aitwaye Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden, aliyefariki mwaka 1942. Kazi yake ilikuwa kuwatungia matajiri nasaba. Ujanja wake haukuwa kubuni kila kitu, kwani angekamatwa upesi. Mwanzo aliuweka wa kweli na mwisho wa kweli, pamoja na nyaraka nyingi za kweli, kisha pale katikati, mahali pa kuvuka bahari kutoka Ulaya, akachomeka mtu au wasia usiokuwapo. Mwenye kulipa akafurahi, na vitabu vikamnukuu. Hata leo wachunguzi wanaendelea kuyasafisha makosa yale. Uongo uliovikwa kanzu ya kweli ndio mgumu kuvuliwa.

Sisi tuliopita chuoni hatukupaswa kudanganywa na mbinu hiyo. Wanazuoni wa hadithi walitufunza zamani kwamba mlolongo wa majina hautoshi. Imamu Bukhari hakuridhika kuona fulani amepokea kwa fulani. Alitaka ijulikane kuwa wawili hao walikutana. Tena akatazamwa msimulizi mwenyewe, ni mkweli, ana hifadhi nzuri? Mizani hiyo hiyo ndiyo inayofaa kwa nasaba. Baba alikuwa hai mtoto alipozaliwa? Aliishi mji ule? Shahidi alikuwa na njia ya kujua, au alikuwa na faida ya kusema?

Kajiado nako nilimkuta mzee mmoja asiyejua kusoma, lakini mizani anayo. Aliniambia kwamba mtu akija kudai ukoo, yeye hamuulizi jina la babu kwanza, kwa sababu jina laweza kukaririwa. Humuuliza rika. Wamaasai huwatahiri vijana wao kwa marika, na kila rika lina jina lake: Iltareto, wakafuata Ilterito, kisha Ilnyangusi, kisha Iseuri. Baba na mwana hawawezi kuwa rika moja. "Akimtia baba yake katika rika la babu yangu," alisema mzee, "namwambia akapumzike, arudi kesho na hesabu nyingine."

Usidhani ni mchezo wa wazee. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na aliyekuwa na jina katika daftari la wanachama ndiye aliyepata fungu. Tangu hapo bei ya ardhi imepanda, na mwenye fungu akifa, warithi huhitaji barua ya chifu ya kuwataja mmoja mmoja. Mjane aliyesahauliwa katika barua ile, au yatima aliyepachikwa baba asiyekuwa wake, huumia katika haki yake. Na sisi Waislamu, ambao mirathi yetu ina mafungu yaliyokwisha kukadiriwa, twawezaje kugawa ikiwa hatujui nani mwana wa nani?

Wako wanaosema siku hizi kuna vipimo vya damu, basi mambo yamekwisha. Vinasaidia, lakini kwa kiasi chake. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani yetu. Walikuta kwamba kwa upande wa mama wengi walikuwa Waafrika, na kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakusema upuuzi. Lakini mifupa ile haimwambii mtu wa Lamu jina la babu yake wa tano. Hilo litatoka katika kumbukumbu na karatasi.

Na hapa ndipo moyo wangu uliponiuma. Roosevelt aliandika kitabu cha safari yake, kikatoka mwaka 1910. Ndani yake wamo wabeba bunduki wake, Muhamed na Bakari. Roosevelt twamjua hadi babu yake aliyevuka bahari, lakini Bakari ni Bakari tu. Bin nani? Wa mtaa gani? Huenda wajukuu zake ni jirani zetu, wala hawajui kwamba babu yao yumo kitabuni.

Basi chukua daftari, ndugu msomaji. Mwendee bibi yako angali ana pumzi. Andika majina, miji, waliooana, waliozikwa wapi, na kando ya kila habari andika nani aliyekupa na siku gani. Usilolijua liache tupu. Nafasi tupu mjukuu wako ataweza kuijaza. Uongo itambidi kwanza aufute.