Mtoto ana usonji? Mazoezi ya tabia yanaanzia nyumbani

Kwa mzazi wa Bariadi, Maswa au Meatu, kumpeleka mtoto mwenye usonji Bugando, Mwanza, kila wiki ni nauli na siku ya kazi imepotea. Lakini mazoezi mengi ya tabia yanafanyika nyumbani, na mwalimu ni wewe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye usonji au ukuaji wa kuchelewa: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Msingi wake ni kwamba mtoto hujifunza kwenye shughuli za kila siku: kula, kuoga, kucheza.

Mfano, anapiga kelele akitaka maji. Shika kikombe, sema "maji", subiri kidogo. Akinyoosha mkono au akikitazama tu, mpe hapo hapo, msifu. Taratibu anaelewa kuwa ishara ndiyo inaleta maji.

Ila mama akisubiri ishara, halafu bibi akampa kwa sababu ya kelele, kelele zitaendelea. Nyumba nzima ikubaliane.

Kumchapa au kumfungia ndani hakumfundishi kuomba. Na usonji siyo kurogwa wala malezi mabaya, ni ubongo unaokua tofauti.

Mtoto ana mwaka na nusu, haitiki jina wala haonyeshi kitu kwa kidole? Usiseme "atakua tu". Mweleze muuguzi kliniki, uombe rufaa mapema.