Amplifaya ya gari ikichemka: Tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

WENYE magari wengi, hasa daladala na magari ya matangazo, hupoteza fedha kwa kununua amplifaya nyingine mara tu ya zamani inapoanza kuchemka na kujizima. Mara nyingi hiyo mpya nayo huchemka, kwa kuwa ugonjwa haukuwa ndani ya kifaa bali kwenye waya, spika au mahali kilipofungwa.

Joto lenyewe si ajabu. Amplifaya ya daraja AB ikifunguliwa sana hupeleka kwenye spika takriban asilimia 60 tu ya umeme inaoupokea. Ya daraja D hufikisha asilimia 80 au zaidi. Kwa hiyo kifaa cha AB kinachotoa wati 400 huhitaji karibu wati 670, yaani ampia 48 hivi kwa volti 13.8. Wati 270 zinazobaki hugeuka joto, na lazima zipate pa kutokea. Kifaa kilichofukiwa chini ya kiti juu ya zulia hakina njia hiyo.

Baada ya nafasi ya hewa, kinachofuata ni umeme. Injini ikiwa inaunguruma na muziki unapiga, fundi apime volti kwenye betri, kisha kwenye amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au ethi ni mbovu. Waya wa ethi unatakiwa uwe mfupi, mnene sawa na wa chanya, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Amplifaya nyingine zikipata volti pungufu huvuta ampia zaidi, na joto huongezeka.

Tatu ni spika. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya hutakiwa kutoa umeme maradufu. Iwapo chaneli mbili zimeunganishwa kuwa moja, kila chaneli huona nusu tu ya omu hizo. Kifaa kilichoandikwa mwisho omu 4 kwa mfungo huo hakitadumu. Aidha, kirekebishi cha geini si cha kuongezea sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio, na kukifungua hadi mwisho huleta sauti ya kukwaruza na kuunguza spika.

Taa ya kinga ikiwaka, njia ya kutafuta kosa ni rahisi. Zima mfumo, chomoa waya zote za spika, kisha washa tena. Taa ikizimika, tatizo liko kwenye spika au waya zake. Ikiendelea kuwaka, chomoa waya za sauti zitokazo kwenye redio. Ukibaki umeme, ethi na waya wa kuwashia tu, na taa bado inawaka, kosa limo ndani.

Kwa ndani, wanaoathirika zaidi ni transista za sehemu ya umeme na zile za kutoa sauti. Fundi huzipima kwa mita kutafuta shoti, na huangalia kapasita zilizovimba. Transista moja ikiungua, ni busara kubadili kundi zima lililofungwa pamoja, pamoja na kupima vizuizi vidogo vinavyoziongoza. Mika za kutenganisha na grisi ya kupitisha joto zirudishwe upya. Zikisahauliwa, kazi yote ni bure. Jaribio la kwanza lifanywe kupitia balbu ya taa kubwa ya gari iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa chanya. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, shoti bado ipo, lakini transista mpya zimeokolewa.

Hatari kubwa ni fyuzi. Kuweka kubwa zaidi, au kuziba kwa kipande cha waya, si matengenezo. Ni kukaribisha moto ndani ya gari lenye abiria. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi nusu mita.

Fyuzi hiyohiyo humsaidia mnunuzi sokoni. Amplifaya ya AB iliyoandikwa wati 1,000 usoni lakini yenye fyuzi ya ampia 30 haiwezi kupokea zaidi ya wati 414 hivi kwa muda mrefu. Zidisha kwa asilimia 60, zinabaki karibu 250 za kweli. Anayelipia 1,000 amelipia maandishi.

Kabla ya kuamua, mwenye gari ajumlishe bei ya spea na ufundi, kisha alinganishe na kifaa kizima chenye wati za kweli zilezile. Jumla ikizidi nusu ya bei hiyo, kununua kingine kuna maana. Hata hivyo, kisifungwe kabla ya waya na spika kupimwa, la sivyo gharama itarudi palepale.