Lehenga katika Kitale na Bungoma: Vazi, Nakshi na Msamiati Wake

Utangulizi

Vazi ni sehemu ya utamaduni, na kila vazi husafiri pamoja na maneno yake. Makala haya yanafafanua sketi ndefu ya sherehe yenye asili ya Kihindi, iitwayo lehenga au ghagra, pamoja na kazi ya mikono inayoipamba. Mazingira yanayorejelewa ni ya miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kuieleza kazi hiyo kwa usahihi, na kwamba kuyaacha maneno hayo kunamdhuru fundi na mnunuzi vilevile.

Njia ya Vazi hadi Magharibi mwa Kenya

Biashara ya vitambaa baina ya Gujarat na pwani ya Afrika Mashariki ilitangulia ukoloni kwa karne nyingi. Hata hivyo, ni reli iliyowafungulia wafanyabiashara wa Kihindi njia pana ya kuingia bara. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Baadaye tawi la Kitale lilifika mjini humo mwaka 1926, nayo Bungoma ikawa kwenye njia kuu iendayo Malaba na Uganda. Kandokando ya vituo yalichipuka maduka ya nguo, na kwenye baraza za maduka wakakaa mafundi wa cherehani.

Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na wengi wakaihama miji midogo. Waliobaki ni sehemu ya taifa: mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Kwa hiyo, kuizungumzia lehenga ni kuzungumzia vazi la Wakenya.

Muundo na Nakshi

Lehenga huvaliwa pamoja na blauzi fupi iitwayo choli, na mtandio uitwao dupata. Sketi yenyewe hufungwa kiunoni kwa kamba. Aghalabu huundwa kwa vipande vingi vyenye umbo la pembetatu, vyembamba juu na vipana chini. Kadiri vipande vinavyoongezeka, ndivyo pindo linavyotanuka mvaaji anapozunguka. Ndiyo maana vazi hili hufaa kwa ngoma ya garba, ambayo huchezwa kwa mzunguko katika mikesha tisa ya Navratri. Huvaliwa pia Diwali na harusini.

Nakshi zake ni za aina kadhaa, na mbili zinastahili kuelezwa kwa kina. Ya kwanza ni kazi ya vioo, iliyo mashuhuri Kutch na Saurashtra. Kioo hakina tundu la kupitishia sindano. Kwa hiyo fundi hutandaza kwanza nyuzi juu yake kama wavu, kisha huzungushia mishono inayozikamata nyuzi hizo na kuzivuta hadi ukingoni. Kioo hushikiliwa na uzi peke yake.

Ya pili ni zardozi, yaani ushonaji wa nyuzi za dhahabu au za rangi ya dhahabu. Kitambaa huwambwa kwenye fremu ya mbao. Fundi hushona kwa sindano au kwa kulabu ndogo, akiongeza vipande vya waya uliosokotwa, ushanga na puleki. Pindo moja laweza kumchukua fundi siku nyingi.

Kazi ya mashine huiga sura hiyo kwa muda mfupi. Ili kuzitofautisha, ni vyema kuigeuza nguo ndani nje. Upande wa ndani wa kazi ya mashine huonyesha uzi wa pili wa chini, na mishono yake hulingana kabisa. Kazi ya mkono huonyesha mafundo, nyuzi zinazovuka kutoka ua moja hadi jingine, na tofauti ndogondogo za mshono. Aidha, vioo vya plastiki vilivyobandikwa kwa gundi havina wavu wala mshono wa kuvishikilia.

Msamiati

Mara nyingi vazi hili huitwa tu "sketi ya Kihindi", na mapambo yake yote huitwa "maua". Ilhali Kiswahili kina kitenzi darizi, chenye uhusiano na neno la Kiajemi la mshono. Kina zari, kutokana na neno la Kiajemi la dhahabu. Kina nakshi, puleki, pindo na marinda. Neno gagulo nalo, ambalo ni vazi la ndani la kike lifungwalo kiunoni, linakaribiana mno na ghagra kwa sauti na kwa umbo la kinachotajwa.

Jina la lehenga lenyewe halina haja ya kutafsiriwa, kwani silabi zake zinaafiki matamshi ya Kiswahili. Gomesi, vazi linalofahamika pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, lilipewa jina la Gomes, fundi Mgoa wa Kampala, na hakuna anayelionea ugeni leo.

Upungufu wa maneno una gharama. Mteja anayeambiwa tu kwamba nguo "ina maua" anaweza kulipia kazi ya mashine kwa bei ya kazi ya mkono. Kwa upande mwingine, fundi aliyedarizi kwa mkono hukosa neno la kuitetea bei yake, akapunjwa. Akisema "imedariziwa kwa mkono, kwa zari, na vioo vimeshonewa", kila neno ni hoja.

Hitimisho

Imebainika kwamba lehenga imefika na kukaa, na kwamba maneno ya kuieleza hayahitaji kuundwa upya. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wakusanye istilahi za mafundi wa Kitale na Bungoma, wazilinganishe na zilizomo katika kamusi, kisha wazirudishe madarasani na madukani. Mkono usiotajwa hausifiwi, wala haulipwi haki yake.