Kufufua gari la kale: hesabu kwanza, rangi baadaye

Gari lililokaa miaka mingi chini ya mwembe huwa na bei mbili. Ya kwanza ni ya mnunuzi wa chakavu, anayehesabu kilo. Ya pili ni ya mwenye gari, anayehesabu kumbukumbu. Mashariki mwa Uganda bei hizo mbili hazikai mbali, kwa sababu Jinja ina viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu, na Peugeot 504 iliyokwisha kuingia tanuruni hairudi tena barabarani. Kwa mfanyabiashara wa Jinja au Mbale mwenye akiba kidogo na mapenzi ya magari ya zamani, swali si kama gari ni zuri. Swali ni kama litamtumikia, au litamla mtaji.

Hesabu hiyo imekuwa nzito zaidi tangu sheria ya usalama barabarani ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2018. Ukiacha aina chache zilizotajwa na sheria yenyewe, gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi tena kuingizwa nchini. Kenya kikomo chake ni miaka 8. Kwa hiyo anayetaka kufufua gari la miaka ya 1970 hana njia ya kuliagiza Japani au Dubai kama anavyoagiza gari dogo la juzi. Atalitafuta miongoni mwa yale yaliyokwisha kusajiliwa hapa hapa. Na akiliona Kitale au Eldoret kwa bei ya kuvutia, aulize kwanza forodha kabla ya kutoa hata malipo ya awali.

Nguvu peke yake haitoshi

Wamarekani wana magari yao ya mabavu: bodi pana, injini ya V8, mwendo wa kutisha kwenye lami iliyonyooka. Afrika Mashariki iliyajaribu. Mwaka 1964 magari aina ya Mercury Comet yenye V8 yaliletwa kutoka Marekani kushindana katika East African Safari, mbio ambazo tangu mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho. Ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina, gari dogo lisilo na majivuno.

Somo hilo halijachakaa. Magari ya kale yaliyojijengea jina katika ukanda huu ni yale yaliyostahimili tope na mashimo. Peugeot 404 ilishinda Safari mara nne kati ya mwaka 1963 na 1968. Ndugu yake 504 ilishinda mwaka 1975, na ile yenye injini ya V6 ikarudia mwaka 1978. Datsun 240Z, yenye silinda sita na lita 2.4, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Mwaka huo wa 1973 usukani ulishikwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun.

Mtu anayetaka gari la fahari tu atavutwa na 240Z. Mfanyabiashara ataitazama 504 mara mbili. Iliunganishwa pia nchini Kenya, ikabeba abiria wa safari ndefu na mizigo ya sokoni kwa miaka mingi. Injini yake ya petroli ina sifa moja inayompendeza fundi: kila silinda ina bomba lake la chuma, slivu, linaloweza kutolewa na kuwekwa jipya bila kuchonga bloku nzima. Likichakaa, injini haijafa.

Mtaka cha mvunguni

Methali inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa haina fumbo. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, lakini bodi iliyoliwa na kutu humeza fedha bila kushiba. Mnunuzi alale chini ya gari na tochi. Akague sakafu, kingo za chini ya milango, mahali shokamzoba zinaposhikilia bodi, na chini ya tairi la akiba. Achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa aipitishe kwenye bodi. Inapokataa kushika, hapo pana puti, na chini ya puti huenda hapana bati.

Jambo la pili ni karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi ya gari, na jina kwenye kadi liwe la muuzaji au la mtu anayeweza kupatikana akaweka saini. Mafundi wengi hushauri kutia injini ya Toyota ndani ya gari la Ulaya kwa sababu spea zake zipo kila mji. Ushauri huo una mantiki, ila mabadiliko ya injini yaandikishwe kwa msajili wa magari mara moja. Gari lenye injini isiyotajwa kwenye kadi linaweza kutembea Jinja hadi Iganga bila maswali, likaja kuzuiwa Malaba au Busia likiwa limejaa mzigo.

Ukaguzi huo ukishapita, kazi ina mpangilio wake. Breki na stelingi kwanza, kisha mfumo wa kupoza injini, nyaya za umeme, springi na shokamzoba. Injini ifuate. Rangi iwe ya mwisho. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo majirani wanayoiona, na miezi sita baadaye gari linang'aa juu ya matofali.

Fedha za kabichi si za kabureta

Chukulia mfanyabiashara wa Mbale anayenunua kabichi na vitunguu kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Akitoa fedha za mzigo kununua kabureta, wiki hiyo hana mzigo, na wiki ijayo hana fedha za fundi. Kinga yake ni daftari mbili na mifuko miwili. Faida ya biashara ikishapatikana, sehemu ndogo iende kwenye gari. Isipopatikana, gari lisubiri. Chuma hakiozi kama kabichi, mradi kimefunikwa.

Siku gari litakapowaka, lisikimbizwe mpakani. Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi ni karibu kilomita 150, zenye tambarare ya mpunga na daraja la Mto Mpologoma. Hapo rejeta itajulikana. Kisha lipande njia ya Kapchorwa na kushuka nalo, na hapo breki zitasema ukweli. Likirudi salama, ndipo mwenye gari akate Kadi ya Njano ya bima ya COMESA, aombe kibali cha muda cha forodha, na kuelekea Malaba.

Na kama tangu mwanzo hesabu ilikataa, kuliacha gari chini ya mwembe si aibu. Mtaji uliobaki mfukoni utanunua mzigo kesho asubuhi.