Jozi Dhaifu Inapoongoza

Mkononi una nane mbili, moja ya shupaza na moja ya uru. Mezani zimekwisha kufunuliwa karata nne: saba ya kopa, tano ya pau, mbili ya kopa na tatu ya shupaza. Jozi yako huenda ndiyo inayoongoza kwa sasa, lakini imebaki karata moja, na karibu kila karata kubwa kuliko nane ni tishio. Mpinzani wako amepita bila kuweka kitu. Uweke dau, au nawe upite ili karata ya mwisho ifunuliwe bure?

Huu ni mchezo wa poka uitwao Texas hold'em, katika ule mtindo wake wa zamani wa dau lenye kikomo. Kwenye meza ya dola 10 na 20, dau la raundi mbili za kwanza ni dola 10 na la raundi mbili za mwisho ni dola 20, wala huruhusiwi kuweka zaidi. Pasipo kikomo ungeweza kusukuma rundo zima la fedha na kumtimua mpinzani. Hapa huwezi. Tuseme mezani kuna dola 80. Ukiweka 20, yeye atalipa 20 kugombea 100, na kwa bei hiyo inamtosha kushinda mara moja tu katika kila sita.

Ndipo wachezaji wengi hukata tamaa. Hujiambia: ataitikia tu, na karata yake ikija nitakuwa nimepoteza zaidi, heri nipite. Hoja hiyo inasikika kama busara, na ndiyo inayowala fedha zao usiku kucha. Tuihesabu, tukiliacha kando kwanza dau la raundi ya mwisho.

Chukua mpinzani mwenye mfalme wa uru na ghulamu wa pau. Zimebaki karata 44 ambazo haziko mezani wala mikononi mwenu, na sita kati yake zinamwokoa: wafalme watatu na maghulamu watatu. Ukipita, fungu lako katika zile dola 80 ni wastani wa dola 69. Ukiweka dau naye akatupa karata, unachukua 80 zote. Akiitikia, unabaki na wastani wa dola 84 baada ya kutoa ile 20 yako. Kwa hiyo kule kuitikia kwake unakokuogopa kunakufaa wewe kuliko kukimbia kwake.

Sasa mpe karata za hatari kweli: ghulamu na kumi, zote za kopa. Kopa yoyote kati ya tisa zilizobaki inamkamilishia karata tano za aina moja, na juu yake kuna maghulamu watatu na kumi tatu. Jumla ni karata 15, yaani atakupita zaidi ya mara moja katika kila tatu. Safari hii anafanya sawasawa kuitikia, na wewe ungefurahi zaidi kama angekimbia. Hata hivyo, ukipita fungu lako ni kama dola 53, na ukiweka dau akaitikia ni dola 59. Dau bado ni bora, kwa sababu katika dola 40 mpya zinazoingia mezani wewe unatoa nusu, lakini unazishinda karibu theluthi mbili ya mara zote. Wachezaji wakiwa wanne na wote wakalipa, unatoa robo tu, na inatosha ushinde zaidi ya robo. Unaweza basi kushindwa mara nyingi kuliko unavyoshinda, na dau likawa halali yako.

Bila shaka karata za mpinzani huzioni. Huenda tayari ana jozi ya tisa, na hapo kila dola unayoongeza ni zawadi kwake. Inabidi kupima kwa pamoja kila anachoweza kuwa nacho, na kazi hiyo kwa ukamilifu inamshinda binadamu. Katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, Michael Bowling na wenzake waliipa kompyuta. Programu yao, Cepheus, iliyotangazwa katika jarida la Science mwezi Januari 2015, ilijifunza mchezo huu wa watu wawili kwa kucheza na nafsi yake kwenye prosesa 4,800 kwa siku 68. Katika kila uamuzi ilipima majuto: kama ningefanya lile jingine, ningepata kiasi gani zaidi? Kisha ikaegemea kule ambako majuto yalikuwa makubwa, hadi makosa yake yakawa madogo kiasi kwamba mtu akicheza nayo maisha yake yote hawezi kuthibitisha kuwa ameishinda.

Kuna jambo moja katika uchezaji wake linalonivutia mno. Ikiwa mgawaji, hata ikishika jozi ya ree, ambayo ni mwanzo bora kuliko wote, karibu kamwe haipandishi dau hadi kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Nionavyo, mkono wenye nguvu una nafasi ya kujificha kwa kuwa subira haiugharimu sana. Nane zako hazina anasa hiyo. Kila karata ya bure inazimega.

Karata ya tano ikishafunuliwa, hesabu inageuka. Hakuna tena wa kutozwa kwa kusubiri, maana hakuna cha kusubiriwa. Dau lako sasa lina faida tu ikiwa, kati ya mara atakazoitikia, unashinda zaidi ya nusu. Kama alikuwa akifukuzia kopa na hakuipata, atatupa karata na hutapata hata senti ya ziada. Mfalme akitua mezani, watakaoitikia ni wale walionacho. Hapo akipita, nawe pita, lakini usiziachie nane zako. Mezani sasa kuna dola 120. Yeye akitangulia kuweka 20, unalipa 20 kugombea 140, na inakutosha kumkuta akidanganya mara moja katika kila nane.