Watembea kwa Miguu na Treni ya Mlimani

Sisi wa Korogwe tunaifahamu treni tangu zamani. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Treni ikipita, watoto hupunga mikono, na abiria hupunga pia. Lakini reli yetu inapita chini ya milima ya Usambara. Haipandi juu.

Huko Marekani, katika jimbo la New Hampshire, iko treni inayopanda mlima mpaka kileleni. Mlima huo unaitwa Washington. Kimo chake ni mita 1,917. Reli hiyo ilijengwa na Sylvester Marsh, ikafika kileleni mwaka 1869. Mlima ni mkali sana, na magurudumu ya kawaida yangeteleza. Kwa hiyo katikati ya reli mbili pana chuma cha tatu chenye vipingo kama ngazi. Chini ya injini pana gurudumu lenye meno, kama lile la mnyororo wa baiskeli. Meno hushika kipingo kimoja baada ya kingine. Tena injini haivuti behewa. Inalisukuma kutoka nyuma.

Njia moja ya miguu inakatiza reli hiyo. Ni njia ndefu, kiasi cha kilomita 3,500, kutoka jimbo la Georgia mpaka Maine. Wako wanaoitembea yote kwa miezi mitano au sita, mizigo mgongoni. Wakiiona treni inakuja, baadhi yao hugeuka, huinama, huteremsha suruali na kuwaonyesha abiria makalio! Si wendawazimu. Ni utani wa siku nyingi. Na baridi ya pale si mchezo: mwaka 1934 upepo wa kilele kile ulipimwa kilomita 372 kwa saa.

Kwa nini wanafanya hivyo? Injini ya zamani huchoma karibu tani nzima ya makaa ya mawe kwa safari moja. Moshi na masizi humwangukia mtembeaji. Naye amepanda kwa jasho. Akifika kileleni anakuta abiria wamejaa, viatu vyao havina hata vumbi.

Kwetu Handeni na Korogwe, mtu akimwonyesha mzee makalio, hakuna atakayecheka. Ni tusi zito. Jirani zetu wa Kenya wanakumbuka tarehe 16 Machi 1922. Siku hiyo watu walikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Wanaume walipotaka kuondoka, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake mbele yao ili kuwaaibisha. Umati ukasonga mbele. Polisi wakapiga risasi, naye akauawa. Kumbe tendo moja, huku ni mzaha na huku ni jambo la kufa na kupona.

Mimi naelewa hasira ya moshi. Lakini aliyewasha moto ni mwenye treni. Mtoto aliyekaa dirishani na bibi yake hakuwasha kitu.

Mwaka 2007 baadhi ya watembeaji walikamatwa kwa utani huo. Mwaka 2008 wenye reli wakaanza kutumia injini za dizeli. Injini za makaa bado zipo, lakini siku hizi treni nyingi hupanda bila ule moshi mweusi.