Hesabu ya Kijiko cha Chumvi

Mama msomaji, mwanao akirudi akisema leo tumejifunza sehemu, mpe kijiko akuonyeshe.

Nafundisha hesabu darasa la tano. Robo na nusu za ubaoni huwachosha watoto, ingawa jikoni wanazipima kila siku. Basi tulipofika kwenye uwiano niliwaandikia maji ya mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Ukiwa na nusu lita tu, je?

Sukari walijibu upesi: 3. Chumvi ilizua ubishi. Wengi walitaka ibaki nusu ileile, kwani ni kidogo tu. Msichana mmoja, ambaye humlea mdogo wake mama akienda sokoni, akakataa katakata. "Itakuwa mara mbili, Mwalimu!" Ni kweli, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Jibu ni robo.

Pakiti za zahanati ni bora zaidi zikipatikana. Kipimo cha maji kimeandikwa juu yake. Mwache mwanao akusomee.